Glopu Tano

Kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, pana kovu dogo linalong'aa. Watu wakiniuliza huwa nawajibu, "Pasi." Pasi ni jibu zuri, halizai maswali, nani hajawahi kuungua na pasi? Lakini leo nimeamua kusema kweli, na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mnajifunza kuandika kama mimi, nadhani mtanivumilia. Kovu hili si la pasi. Ni la glopu ya taa, na ile glopu haikuwa na ubovu wowote.

Ilikuwa mwaka 2011, Dar es Salaam, wakati wa mgao. Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Maji yalikuwa yamepungua mabwawani, umeme unakatika asubuhi unarudi jioni, au unarudi usiku wa manane ukiwa umeshaukatia tamaa. Vinyozi na wauza juisi walinunua vijenereta vya kubebeka, mitaa yetu ikawa inanguruma kama kiwanda. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, sina hili wala lile. Mama akaona nitaharibikia kijiweni, akanipeleka kwa kaka yake.

Mjomba alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache. Ukimwamkia "Shikamoo Mjomba," "Marahaba" yake ilikuja baada ya muda, kama vile kaiendea dukani. Ujana wake aliumalizia juu ya milingoti, kwenye taa kubwa za viwanja vya mpira na yadi za makontena. Magoti yalipoanza kumsumbua akapata kibarua cha kutunza tangi la samaki katika hoteli moja ya mjini. Nasema tangi, lakini usifikirie debe. Lilikuwa la kioo kinene, urefu wake mita tatu, limejengewa ukutani pale mapokezi, na maji yake yalikuwa ya bahari ya kweli, yaliyovushwa kwa madumu kutoka Kigamboni. Mgeni akiingia tu, kitu cha kwanza anachoona ni bahari imesimama wima.

Ndani mlikuwa na samaki wa kila rangi, lakini mwenye nyumba hasa alikuwa anemoni mmoja, mnyama laini anayefanana na ua, mwenye vidole vingi vinavyochezacheza kwenye maji. Alikaa juu ya jiwe la katikati, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe walilala humo kama watoto ndani ya blanketi. Watoto wa wageni walikuwa wakibandika pua kwenye kioo na kupiga kelele "Nemo! Nemo!" kwa sababu ya ile filamu ya mwaka 2003.

Nikamwuliza Mjomba yule mnyama anakula nini. Akanionyesha kidole juu, kwenye taa.

Baadaye ndipo alinieleza. Ndani ya nyama ya anemoni mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unautumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu ya chakula hicho anapewa mwenye nyumba, ndiyo kodi ya pango. Vipande vya kamba na dagaa tulivyomrushia vilikuwa nyongeza tu. Huku baharini jua la kwetu linatosha na kubaki. Ndani ya mapokezi ya hoteli hakuna jua, kwa hiyo juu ya tangi zilining'inizwa taa tatu za halaidi, kila moja wati 250. Ukiziangalia moja kwa moja unaona nyota mchana kutwa.

Taa hizi si kama glopu ya chumbani kwako. Hazina ule uzi unaopata moto. Ndani ya glopu kuna kichupa kidogo cha kioo cha kwatzi, na ndani ya kichupa mna gesi, tone la zebaki na chumvichumvi za metali. Baridi, ile gesi haipitishi umeme; volti 230 za ukutani zinaigongea mlango na haifungui. Ndiyo maana panahitajika kidude kinachoitwa ignaita, ambacho kinapiga teke la volti elfu tatu hadi tano, mara nyingi kila sekunde, mpaka cheche iruke kutoka ncha hadi ncha. Cheche ikishashika, ignaita inanyamaza. Sasa kazi inakuwa ya choki, lile pande zito la chuma na waya, kuushika umeme usizidi, maana gesi ikishafungua mlango haijui kufunga; bila choki ingekunywa umeme mpaka ipasuke. Dakika chache zebaki inageuka mvuke, chumvi zinayeyuka, taa inatoka kwenye rangi hafifu hadi nyeupe kali ya buluu.

Na jambo la mwisho, alilolisema Mjomba mara moja tu, siku ya kwanza, akiwa amenipa mgongo: "Ikizimika ikiwa ya moto, haiwaki. Usiisumbue. Robo saa itawaka yenyewe."

Nilisikia. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba nilisikia.

Jioni moja ya Juni palikuwa na harusi hotelini. Mapokezi yamejaa, akina mama wamependeza, wapiga picha wamempanga bibi harusi mbele ya tangi. Umeme ukakatika. Hilo lilikuwa la kawaida. Sekunde kumi na tano tu, jenereta la hoteli likanguruma nyuma na taa zote zikarudi. Zote isipokuwa zetu. Tangi likabaki jeusi tii, na bibi harusi amesimama mbele ya giza kama anayesubiri daladala usiku.

Meneja akaja mbio. "Fundi, vipi?"

"Tusubiri," Mjomba akasema.

"Tusubiri nini? Umeme si upo?"

"Upo. Taa ni za moto. Robo saa."

Ninawaelewa wote wawili sasa. Mvuke uliomo ndani ya kichupa taa ikiwa ya moto una mgandamizo mkubwa kiasi kwamba teke lile lile lililotosha asubuhi halitoshi tena. Ignaita inapiga, tik-tik-tik, na hakuna kinachoruka. Lazima kichupa kipoe, mvuke urudi kuwa tone. Hakuna ufundi wa kuharakisha jambo hilo. Lakini mwambie hivyo mtu ambaye wageni mia mbili wanamwangalia! Mjomba alisimama mikono nyuma, akasubiri. Kwa mtu asiyejua, alionekana kama fundi aliyeishiwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kuonekana. Ndiyo maelezo yote niliyonayo. Nikaingia chumba cha pampu nyuma ya ukuta, nikachukua glopu mpya kwenye boksi, nikapanda ngazi, nikazima swichi ya taa ya katikati, nikafungua kioo cha kinga, nikaikamata ile ya zamani kwa kitambaa. Kitambaa kikateleza. Hapo ndipo kidole kilipoacha ngozi yake. Niliuma meno, nikachomeka mpya, nikafunga, nikawasha.

Ikawaka papo hapo.

Kumbe bila shaka ingewaka! Ilikuwa ya baridi. Lakini watu hawakujua hilo. Walipiga makofi. Bibi harusi alicheka, mpiga picha akaniinulia dole gumba. Nikahamisha ngazi kwenye taa ya pili, nikawa naitafuta bisibisi mfukoni, na kabla sijagusa kitu ikawaka yenyewe. Kisha ya tatu. Robo saa ilikuwa imetimia. Toka kule chini ilionekana kama vile nimezigusa zote tatu kwa mkono wangu.

"Kijana hodari," meneja akasema, kwa sauti ya kusikika. Halafu akamtazama Mjomba, wala hakusema kitu.

Mjomba naye hakusema kitu. Aliniangalia kidole, akaenda jikoni, akarudi na sufuria la maji ya baridi, akaniambia nitumbukize mkono.

Usiku ule nilijidanganya kwa dhati. Nilijiambia glopu ile ilikuwa imekufa kweli, na Mjomba kachoka, mambo ya milingoti yamempita. Utaratibu wa stoo ulinisaidia: ukitaka glopu mpya unaandikiwa kwenye daftari kwamba ya zamani mbovu. Nikaandika "mbovu", nikasaini. Ile "mbovu" nikaiweka kabatini kwenye chumba cha pampu.

Umeme ulipokatika tena wiki ile, nikafanya vile vile. Glopu ya pili kabatini.

Mara ya tatu nilikuwa nimeenda kula mama ntilie, mbali kidogo. Jenereta likaanza kunguruma nikiwa na tonge mkononi. Nilirudi mbio, lakini foleni ya pale barabarani unaijua. Nilipofika ilishapita robo saa na ushei. Tangi lilikuwa linang'aa, taa zote tatu zinawaka, na hakuna mtu aliyezigusa. Mlinzi aliniambia, "Zilijiwasha zenyewe, mwanangu." Nilisimama pale nikitweta. Nikajua.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, hapa ndipo mhusika angekimbilia kwa mjomba wake na kuomba radhi. Mimi siku hiyo nilipewa habari nyingine. Meneja aliniita ofisini, akaniambia hoteli inabana matumizi, mgao unakula dizeli, hawawezi kulipa watu wawili kwa kazi ya mtu mmoja, na kwa kuwa "wewe ndiye unayeziweza hizi taa", mimi nitabaki.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ilikuwa na maneno manne: "Mjomba alikuwa anasema kweli." Sikuisema. Nikasema, "Sawa, mzee."

Mjomba alikusanya vifaa vyake kwenye mfuko wa rambo. Testa yake ya zamani, ile yenye mpini mwekundu, aliniachia. "Glopu ya moto usiishike," akasema, kama mtu anayemwaga mwenzake kituoni.

Basi nikaendelea na uongo kwa bidii zaidi ya mtu anayesema kweli. Kwa nini, nikiwa nimeshajua? Kwa sababu meneja alizoea. Umeme ukikatika alitegemea kuniona juu ya ngazi, na dakika ya pili aone mwanga wa katikati. Ningeanza kusubiri robo saa, angeuliza kwa nini mjomba wangu alifukuzwa kwa kusubiri robo saa. Kwa hiyo nilibadilisha. Mpaka Agosti kabati lilikuwa na glopu tano, zote zimeandikwa "mbovu" kwenye daftari, kila moja ikiwa imegharimu zaidi ya laki moja na kusafirishwa kwa ndege.

Msomaji mwenye akili ya ufundi ameshaona linalokuja. Mimi sikuliona.

Asubuhi moja ya Septemba nikawasha taa kama kawaida, baridi kabisa, zimelala usiku kucha. Mbili zikawaka. Ya katikati ikakataa. Nikatega sikio kwenye boksi lake: choki inavuma, ignaita inapiga tik-tik-tik, lakini cheche haishiki. Nikabadilisha glopu. Hola. Nikabadilisha tena. Hola. Nikaenda Kariakoo, maduka matatu, nikapata ignaita ya wati zinazofaa, nikafunga. Hola. Nikaiacha inapiga usiku na mchana nikiamini itashika, mpaka siku ya pili ikanyamaza kabisa na boksi likanuka plastiki iliyoungua. Kumbe ignaita haikutengenezwa kupiga siku mbili mfululizo. Nikanunua nyingine kwa pesa yangu. Hola.

Wakati huo anemoni alianza kusinyaa. Siku ya nne vidole vyake vilikuwa vifupi, rangi imepauka. Siku ya tano sikumkuta juu ya jiwe lake. Moyo ulinipasuka. Nilimtafuta nikamwona chini kabisa, ameng'oka, anajikokota mchangani kwa mguu wake mmoja, taratibu kuliko konokono, kuelekea upande wa taa iliyokuwa inawaka. Wale samaki wawili walikuwa wanamzunguka kama jamaa wanaosindikiza mgonjwa. Njiani kwake palikuwa na mdomo wa pampu. Anemoni akivutwa na pampu anasagika, na sumu yake inaweza kuua tangi zima. Nikafunga mdomo wa pampu kwa kipande cha chandarua, nikakaa sakafuni, nikampigia simu Mjomba.

Sikumwambia mengi. Nilisema, "Mjomba, imegoma." Akauliza, "Ya moto au ya baridi?" Nikasema, "Ya baridi." Akasema, "Basi hiyo ndiyo mbovu. Nakuja."

Nataka niwaeleze alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu sijaona somo bora kuliko lile, hata chuoni.

Kwanza hakugusa kitu. Aliuliza: imeanza lini, na kabla ya hapo nini kiliguswa? Swali la pili nililijibu nusu.

Kisha akazima umeme, akasubiri glopu zote zipoe. Akatoa glopu ya katikati, akaishika kwa kitambaa safi, akaipangusa kwa spiriti, akaipeleka kwenye taa ya kushoto. Ikawaka. "Glopu nzima," akasema. Akachukua ya kushoto akaileta katikati. Haikuwaka. "Glopu nzima, mahali pagonjwa." Kwa dakika ishirini na bila kununua kitu alikuwa amejua jambo ambalo mimi nililitafuta Kariakoo siku tano.

Halafu akapima umeme unaoingia kwenye choki: volti 228. Nikataka kumpa mita apime na upande wa glopu. Akanikamata mkono. Upande ule ignaita inapiga volti elfu kadhaa; mita ya kawaida inaungua, na wewe unaweza kuungua nayo. Badala yake akazima, akaipa kapasita muda imwage umeme wake, maana inaweza kukurusha hata swichi ikiwa imezimwa, kisha akabadilishana nyaya: boksi la katikati akaliunganisha na taa ya kulia. Taa ya kulia ikawaka. "Choki nzima. Ignaita nzima. Kumebaki nini?"

"Waya," nikasema.

"Na?"

Sikujua. Akapanda ngazi, na magoti yake yale, akafungua holda.

Glopu hizi zina ncha mbili, zinakaa kati ya holda mbili zinazotazamana, kila moja ina springi inayoikaba ncha. Springi ya holda ya kulia ilikuwa imelegea, imechoka kufunguliwa na kufungwa. Chuma chake kilikuwa na kutu ya kijani. Kila nilipofungua kile kioo cha kinga mbiombio, mvuke wa maji ya chumvi uliingia, na kila nilipokifunga nilikifunga vibaya. Na kwenye kauri nyeupe ya holda palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye chuma hadi kwenye bati la taa. Mjomba akaufuata kwa kucha. Lile teke la volti elfu nne lilikuwa limepata njia ya mkato. Badala ya kuruka ndani ya glopu lilikuwa linateleza juu ya kauri na kuishia ardhini. Hata ungeweka glopu ya dhahabu.

Holda zile mbili za pembeni zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Hakuna aliyekuwa akizifungua.

Mjomba aliiangalia ile ya katikati muda mrefu. Kisha akashuka, akafunga holda mpya aliyokuja nayo mfukoni (alikuja nayo, yaani alishakisia tangu kwenye simu), akaweka waya mpya unaovumilia joto, akasafisha kioo cha kinga. Hicho kioo, akanikumbusha, si pambo. Glopu za ncha mbili zinatoa miale mikali ya jua isiyochujwa, inaumiza macho na ngozi, na viumbe wa tangini pia. Akawasha. Tik, ikashika.

Halafu akafungua kabati.

Sijui alikuwa anatafuta nini, pengine kitambaa. Akaziona glopu tano zimepangwa. Akasoma daftari lililoning'inia pale mlangoni: mbovu, mbovu, mbovu, mbovu, mbovu, na saini yangu. Akachukua ya kwanza akaipangusa kwa spiriti. Alasiri nzima tulifanya kazi hiyo, kuchomeka, kuwasha, kuzima, kusubiri ipoe, kutoa. Hakuharakisha. Zote tano ziliwaka.

Akaniuliza, bila hasira, kama anayeuliza saa: "Ulijua lini?"

Nikamjibu, "Leo, Mjomba. Leo ndiyo nimejua."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua kalamu, akakata neno "mbovu" mara tano, akaandika "nzima".

Meneja alipokuja kuuliza tatizo lilikuwa nini, Mjomba alisema, "Holda." Neno moja. Akapendekeza mambo mawili: kidude cha kuchelewesha, ili umeme ukirudi taa zisipelekewe kitu mpaka zimepoa na ignaita zisihangaike bure, na tyubu mbili za buluu pembeni, ambazo zinawaka papo hapo, ili wageni wasione giza. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko glopu mbili. Tatizo la bibi harusi lingekwisha Juni kwa tyubu mbili, kama mtu angemwuliza mzee aliyekuwa amesimama mikono nyuma. Meneja alimrudisha kazini. Mimi Oktoba nikaenda chuo.

Anemoni alipona, lakini hakurudi kwenye jiwe lake. Taa ya katikati iliwaka miaka iliyofuata, na yeye akabaki kule kushoto alikohamia, na samaki wake wawili.

Februari 2013 nilisoma habari ya fainali ya mpira wa Kimarekani kule New Orleans. Umeme ulikatika katika sehemu ya uwanja, mchezo ukasimama dakika 34. Wenzangu bwenini walicheka: Wamarekani nao wana mgao! Mmoja akauliza, umeme ukisharudi si wanawasha tu? Mimi nilinyamaza. Taa za uwanja ule zilikuwa za halaidi, ndugu moja na zile zetu. Sehemu ya muda ule, watu zaidi ya elfu sabini na matajiri wao wote walikuwa wanasubiri vichupa vipoe. Hakukuwa na meneja wa kumfokea mtu.

Siku hizi matangi kama lile yanatumia LED. Unabonyeza zinawaka, unazima, unabonyeza tena zinawaka. Hazina ignaita, hazina robo saa. Hoteli nayo ilibadilisha, na Mjomba akastaafu kwenda Tanga. Macho yake yamepungua nguvu. Mjukuu wake ndiye humsomea magazeti na vijarida kila ninapomtumia. Nitamtumia na hiki.

Nimeandika hadithi kadhaa katika miaka hii, na mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba wahusika wangu wanaungama upesi mno. Alikuwa na haki. Mimi jibu langu limechukua zaidi ya miaka kumi.

Kwa hiyo wewe binti unayesoma, ukifika hapa ongeza sauti kidogo. Shikamoo Mjomba. Lile swali ulilouliza pale kabatini nililijibu uongo. Sikujua siku ile. Nilijua mara ya tatu umeme ulipokatika, nikitoka kula, kabla hujakusanya vifaa vyako. Mlinzi ni shahidi. Na testa yako yenye mpini mwekundu ninayo, inafanya kazi.